Mirembe, Mathari na Vibahasha Vitatu: Tuzifunge Hospitali Kongwe za Magonjwa ya Akili?

Mjomba wangu alirudi nyumbani kutoka hospitali ya magonjwa ya akili akiwa na vibahasha vitatu vya dawa kwenye mfuko wa shati. Muuguzi alikuwa ameandika juu ya kila kimoja kwa kalamu: 1x2, 1x1, na cha tatu neno moja tu, "usiku". Bibi alivifunga kwenye pindo la khanga yake, maana nyumba ilikuwa na watoto wengi na kabati halikuwa na kufuli. Dawa zilitosha miezi miwili. Zilipoisha, zahanati ya karibu haikuwa nazo, na duka la dawa la mjini liliziuza kwa bei ambayo Bibi hakuimudu. Wiki ya tatu Mjomba akaacha kulala. Wiki ya tano wanaume wanne wakamfunga kamba, wakampakia garini, akarudishwa alikotoka. Kwenye faili lake pakaandikwa kwamba amerudi kwa sababu aliacha dawa.

Hakuziacha. Ziliisha.

Huwa navikumbuka vibahasha vile kila ninaposikia mjadala kuhusu hospitali kongwe tulizoachiwa na wakoloni: Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi na nyingine za aina hiyo. Wako wanaosema zimepitwa na wakati, zifungwe, wagonjwa watibiwe karibu na kwao. Wako wanaosema zikifungwa, wagonjwa wataishia barabarani, gerezani, au kwenye mnyororo uani kwa watu. Kila upande una ushahidi wake, na ushahidi wa pande zote mbili unatisha.

Tuangalie kwanza zilivyozaliwa. Mathari ilifunguliwa mwaka 1910 mahali palipokuwa pakitumika kuwatenga wagonjwa wa ndui. Yaani nyumba ya kutengea watu ilikuwepo tayari, wakabadilishwa watu wa kutengwa. Ndani yake wagonjwa waligawanywa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Jina la Mathari lilikuja mwaka 1924, na kuanzia 1938 hospitali iliongozwa na J. C. Carothers, daktari ambaye alipokabidhiwa kazi hiyo hakuwa na mafunzo ya magonjwa ya akili. Mwaka 1951 daktari huyo aliandika kwamba Mwafrika wa kawaida anafanana na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa sehemu ya mbele ya ubongo. Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu mwaka 1953. Mwaka uliofuata akaandikia serikali ya kikoloni maelezo ya Mau Mau kana kwamba watu waliokuwa wakidai ardhi yao walikuwa na hitilafu ya akili. Hesabu zake za wagonjwa alizipata kwa waliofikishwa Mathari. Waliokuwa wakiuguzwa na mama zao huko Meru au Kisii hawakuwemo.

Tanganyika ilianza kwa njia nyingine. Wamisionari wa Kijerumani walifungua Lutindi, katika milima ya Usambara, mwaka 1896, kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 pakawa mahali pa wagonjwa wa akili, na hospitali ipo hadi leo chini ya Kanisa la Kilutheri. Waingereza nao wakajenga Mirembe mwaka 1927, na jirani yake Isanga, kwa ajili ya wagonjwa wenye kesi za jinai. Tangu hapo jina la Mirembe limeingia kwenye lugha. Mtu akifanya jambo lisiloeleweka ataambiwa "huyu wa Mirembe", na Zanzibar wanasema hivyo hivyo kwa Kidongo Chekundu, hospitali yao ya magonjwa ya akili. Mwalimu wangu wa darasa la tano alitumia neno hilo kututishia. Mgonjwa anayetoka huko anarudi nyumbani na jina ambalo kijiji kizima kimeshampa kabla hajashuka kwenye basi.

Hoja ya kwanza ya wanaotaka zifungwe ndiyo hiyo, nami naikubali kabisa. Lakini iko nyingine iliyo nzito zaidi: hospitali kubwa yenye kuta humfundisha mgonjwa kuwa mgonjwa. Anaamshwa kwa kengele, anapangiwa nguo, anakula alichopewa, na baada ya miaka 10 hajui tena kununua mkate. Ndugu nao huizoea hali hiyo. Si jambo geni mgonjwa kupona na kubaki wodini kwa sababu waliomleta waliacha namba ya simu isiyopatikana.

Aliyeligundua hilo na kulifanyia kazi kuliko wengi alikuwa Franco Basaglia, daktari wa Kiitalia. Mwaka 1971 alikabidhiwa hospitali ya San Giovanni mjini Trieste, iliyokuwa na wagonjwa wapatao 1,200. Alifungua milango ya wodi. Wagonjwa waliokuwa wakifanya usafi na kulipwa sigara walianzisha ushirika wao na kulipwa mshahara. Mwaka 1973 wagonjwa, wauguzi na wasanii walitengeneza farasi mkubwa wa mbao na karatasi, wakampaka rangi ya buluu na kumwita Marco Cavallo, jina la farasi wa kweli aliyekuwa akivuta mkokoteni wa nguo chafu za hospitali. Siku ya kumtoa waligundua kwamba farasi ni mkubwa kuliko mlango. Wakabomoa njia, wakatoka naye hadi mjini, wagonjwa mbele na wauguzi nyuma. Tarehe 13 Mei 1978 Bunge la Italia likapitisha Sheria namba 180, iliyozuia kulaza wagonjwa wapya kwenye hospitali za aina ile. Basaglia alifariki mwaka 1980, mwaka ambao San Giovanni ilitangazwa kuwa imefungwa.

Wanaosimulia kisa hiki hupenda kuishia kwa farasi. Mimi napenda kuuliza kilichofanyika kati ya 1973 na 1980. Basaglia aliungwa mkono na Michele Zanetti, rais wa jimbo, aliyeshika mfuko wa fedha. Kuanzia 1975 walifungua vituo mitaani, vikaja kuwa vya kukesha saa 24, kila kimoja na vitanda vichache, madaktari na wauguzi waliotoka kule kule hospitalini. Mshahara uliokuwa ukimlipa muuguzi ndani ya kuta ndio uliomlipa nje. Mgonjwa akitoka, kulikuwa na mlango mwingine ulio wazi. Kwingineko Italia, ambako vituo vilichelewa, mzigo uliangukia familia, na hospitali za mwisho hazikufungwa hadi miaka ya 1990 ilipokuwa ukingoni.

Marekani walifanya kinyume. Mwaka 1955 hospitali za majimbo zilikuwa na wagonjwa zaidi ya 550,000. Dawa ya klopromazini, ile ambayo wauguzi wetu wa zamani bado wanaiita Largactil, ilikuwa imeanza kutumika Paris mwaka 1952, na watu wakaamini kwamba kidonge kitachukua nafasi ya wodi. Rais Kennedy alisaini sheria ya vituo vya jamii mwezi Oktoba 1963. Vituo vilivyokusudiwa havikufika hata nusu. Wodi zilifungwa, fedha zilizookolewa zikaenda kwingine, na leo jela ya Cook County mjini Chicago na ile ya Los Angeles zinatajwa miongoni mwa sehemu kubwa zaidi za kutunzia wagonjwa wa akili nchini humo. Lionel Penrose, daktari wa Kiingereza, alikuwa ameonya mapema. Mwaka 1939 alilinganisha nchi 18 za Ulaya na kuona kwamba palipo na vitanda vichache vya wagonjwa wa akili, wafungwa ni wengi.

Kisha kuna Afrika Kusini, na hapa sioni namna ya kuandika kwa utulivu. Idara ya Afya ya jimbo la Gauteng ilivunja mkataba na Life Esidimeni, vituo vilivyokuwa vikitunza wagonjwa wa muda mrefu. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili: kubana matumizi, na sera ya kuwatoa wagonjwa kwenye taasisi na kuwarudisha kwenye jamii. Kufikia katikati ya 2016 wagonjwa zaidi ya 1,700 walikuwa wamehamishwa, wengi wao kwenda kwa mashirika yasiyo na leseni halali, wala chakula cha kutosha, wala watu waliofunzwa. Wengine walisafirishwa kwenye magari ya wazi, wengine wamefungwa kwa mashuka. Kuna familia zilizozunguka kituo hadi kituo zikiuliza ndugu yao yuko wapi. Walikufa watu 144, wengi wao kwa njaa, kiu, baridi na kukosa dawa. Jaji mstaafu Dikgang Moseneke aliwasikiliza ndugu zao, na uamuzi wake wa mwaka 2018 uliiamuru serikali iwalipe fidia. Neno Esidimeni, kwa lugha ya huko, ni mahali pa heshima.

Kilichonishtua zaidi ni lugha iliyotumika. Waliowahamisha wale watu walisema maneno yale yale ya Basaglia: jamii, uhuru, haki za mgonjwa. Farasi alitoka, lakini huko nje hakukuwa na majani.

Sasa turudi kwetu. Trieste ilikuwa na wagonjwa 1,200 wodini katika mji usiofikia watu 300,000. Tanzania, kwa sensa ya 2022, ina watu zaidi ya milioni 61, na vitanda vya Mirembe vinahesabiwa kwa mamia. Hatukuwahi kuwafungia watu kwa wingi kama Ulaya, kwa hiyo hatuna wodi za kufunga na kuhamisha fedha zake kwenda mtaani. Ndiyo sababu naachana na wanaharakati wanaodai tufunge kama Italia. Hospitali zetu hazikuporomoka kwa kufungwa. Zilichakaa zikiwa wazi: paa zilizozeeka, wagonjwa wawili kitanda kimoja, dawa zinazokatika. Mei 2013 wagonjwa wapatao 40 walitoroka Mathari. Magazeti yaliandika kuhusu hatari kwa wananchi. Machache yaliuliza walikuwa wakikimbia nini.

Wapo wanaoichukua Esidimeni kama ngao ya kutobadilisha chochote, na hao nao siwaungi mkono. Mzazi wa Kigoma au Mtwara anayempeleka kijana wake Dodoma anasafiri siku nzima au zaidi, na kijana amefungwa kamba. Nauli hiyo ingetosha kununua dawa za miezi kadhaa. Tena si kweli kwamba matibabu ya kijijini ni ndoto ya wageni. Thomas Lambo, daktari wa Kinigeria, alianza mwaka 1954 kuwaweka wagonjwa wake kwenye vijiji vya jirani na hospitali ya Aro, Abeokuta, kila mmoja na ndugu wa kumpikia. Tanzania yenyewe, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, ilianzisha vijiji vya kilimo ambako mgonjwa aliyepata nafuu alilima akiwa na watu wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, Morogoro na Kilimanjaro zilifanyiwa majaribio ya kuingiza matibabu ya akili kwenye zahanati na vituo vya afya vya kawaida. Muuguzi wa wilaya alifundishwa kutambua ugonjwa, kuchoma sindano ya mwezi, na kujua ni nani wa kumpa rufaa. Njia tuliijua zamani. Tatizo ni kwamba kazi iliyoanzishwa kwa fedha za wafadhili hulegea wafadhili wakiondoka, na dawa za akili ndizo za kwanza kusahauliwa bajeti inapobanwa, kwa sababu anayezikosa hana sauti ya kulalamika. Akilalamika, anaambiwa ni ugonjwa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni wa mpangilio. Dawa zifike zahanati kila mwezi bila kukatika, kwanza. Kila wilaya iwe na muuguzi wa akili ambaye hatahamishiwa wodi ya wazazi akikosekana mtu huko. Hospitali za mikoa ziwe na vitanda vichache vya dharura, ili mgonjwa aliyechafukwa usiku asisubiri basi la alfajiri akiwa kituo cha polisi. Hayo yakishasimama, Mirembe na Mathari zipunguzwe wagonjwa wa muda mrefu, zibaki kufundisha madaktari na kupokea wale walioshindikana kwingine. Mpangilio huu ukigeuzwa, hata kwa nia njema, tunakwenda Gauteng. Najua watu wa hazina watasema ni ghali, kwa kuwa kwa miaka kadhaa utalipia hospitali na vituo kwa pamoja. Ni kweli ni ghali. Trieste walilipia vyote viwili.

Mjomba sasa anachoma sindano ya Modecate, dawa ya akili, kila mwezi kwenye kituo cha afya cha kata, alikopelekwa muuguzi kijana aliyesomea kazi hiyo. Anakwenda mwenyewe kwa miguu. Shingo humkakamaa siku mbili za mwanzo, anameza Artane, kidonge cha kulegeza mkakamao huo, inaachia. Anafuga mbuzi saba na anajua bei ya mkate. Mwaka juzi, Bibi alipofariki, ugonjwa ulirudi kwa nguvu ambazo kituo hakikuziweza, akalazwa tena kule kule kwa majuma matatu. Safari hii hakufungwa kamba. Muuguzi alipiga simu mapema, wakaenda pamoja kwa basi, na Mjomba akakaa kiti cha dirishani.