Punda Wangu na Ushauri Nasaha

Tangu mzee wangu afariki, usingizi ulinihama. Saa nane za usiku niko macho, nahesabu boriti za dari. Ziko 31, nazijua kwa sura.

Daktari akanituma kwa mshauri nasaha. Nikaingiwa na hofu: kwetu ukionekana huko, mji wote unajua umekwenda kupima ukimwi. Nikavizia mchana wa jua kali, mtaa wa Langoni hapa Lamu watu wamelala, nikapenya vichochoroni. Tatizo, nilikuwa na punda na magunia manne ya mchanga wa fundi. Nikamfunga dirishani.

Ndani nilitarajia kombe la zafarani, zile aya za kuoshwa na kunywewa, au walau kukemewa. Bi mshauri, mdogo kuliko kitindamimba wetu, akasema tuna dakika 50, na nitakayosema hayatoki, ila akiona nataka kujidhuru au kumdhuru mtu. Kisha kimya. Nami kimya, nangoja nasaha. Haikuja! Likaja swali: "Mzee alikuwa mtu wa namna gani?" Nikajibu mawili matatu, mara najikuta nasimulia alivyonifunza kupiga kalafati, yaani kuziba nyufa za jahazi, na kofi alilonizaba nilipotosa patasi yake baharini. Nacheka, nalia, na tishu mkononi sijui kanipa nani.

Hapo punda akalia. Huyu akilia, hata kijiji jirani cha Shela wanasikia. Fundi, aliyekuwa akiutafuta mchanga wake tangu adhuhuri, akaujua mlio. Akagonga mlango. "Huyo kijana yumo?"

Bi akafungua kidogo. "Siwezi kusema nani yumo wala nani hayumo."

Fundi akamtazama bi, akamtazama punda. "Kwa hivyo mgonjwa ni huyu?"

Bi akarudia yaleyale. Siri ni siri.

Magharibi haijaadhiniwa, baraza zote zinajua punda wangu ana msongo wa mawazo.

Nimekwenda mara sita sasa. Dawa hanipi, la kufanya hanambii. Nikimuuliza ananirudishia swali, jambo linaloudhi, wallahi. Mara ya tatu nilitoka nimechoka kuliko nilivyoingia, nikaapa sirudi. Nikarudi. Juzi nikaamshwa na adhana. Boriti sikuhesabu hata moja.

Barazani bado wananiuliza, "Punda hajambo?" Najibu anaendelea vyema.

Jana usiku jirani akanivuta pembeni, akanong'ona: "Yakhe, yule bibi hukaa siku gani? Nami punda wangu halali."

Jirani yangu ni nahodha. Hajapata kufuga hata kuku.