Deporte na sport: mgeni hasa ni nani?

Kutaja michezo, Mhispania husema deporte, Mwitaliano sport, Mreno desporto. Mbrazili, mwenye Kireno hichohicho, husema esporte. Watetezi wa usafi wa lugha wana hukumu ya haraka: deporte na desporto ni wana wa nyumbani, sport ni mgeni aliyeletwa na Waingereza pamoja na mpira wao.

Hoja hiyo ina mashiko. Deporte linatokana na Kilatini deportare, kuchukua kitu na kukipeleka mbali. Katika Zama za Kati likaja kumaanisha kuipeleka akili mbali na kazi, yaani kujiburudisha. (Leo deportar ni kumfukuza mtu nchini, burudani isiyo na mwenyewe.)

Tatizo ni kwamba sport nalo ni wa ukoo huo. Kifaransa cha kale kilikuwa na desport. Waingereza wakalichukua, wakalikata kichwa, likabaki sport. Katika karne ya 19 likarejea Ufaransa, na waliolizaa wakalipokea kama mgeni. Deporte, kwa upande wake, lilikuwa limechakaa, likafufuliwa ili kubeba maana mpya ya Kiingereza: mashindano, klabu, kanuni. Basi moja lina sura ya kigeni na damu ya nyumbani. Jingine lina sura ya nyumbani, ila maana limeazima.

Kinachonitia shaka zaidi ni usafi ukishapewa rungu. Mwaka 1941, chini ya Franco, dikteta wa Hispania, klabu ya soka ya Athletic ya Bilbao ililazimishwa kujiita Atlético, kwa kuwa jina lake lilikuwa la Kiingereza. Ililirudisha mwaka 1972.

Wabrazili, kwa maoni yangu, wamefanya vizuri zaidi. Kireno hakipendi kuanza neno kwa s inayofuatwa na konsonanti, wakaitanguliza e, kisha wakazalisha esportivo na esportista bila kumwomba mtu ruhusa. Hata hivyo katiba yao ya 1988, ibara ya 217, inasema desporto. Ureno nako, kwenye desporto, mashabiki wanashangilia Sporting, klabu iliyoanzishwa 1906.

Waitaliano walikuwa na lao kabisa, diporto. Sport lilipoingia hawakuligombania, na sasa ukilitaka diporto utalikuta zaidi bandarini, kwenye sheria za boti za starehe.