Magonjwa au Huzuni? Isaya 53:4 Mikononi mwa Mathayo

Katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version, Isaya 53:4 inasomeka hivi: "Hakika ameyachukua masikitiko yetu, amejitwika huzuni zetu." Mathayo 8:17 inaunukuu mstari huohuo: "Mwenyewe aliutwaa udhaifu wetu, na kuyachukua magonjwa yetu." Huzuni imekuwa ugonjwa. Wengi wakiona hivyo humlaumu Mathayo, ati alikuwa tayari na miujiza ya Yesu, akasaka andiko la kuivika.

Wana hoja. Anayejitwika huzuni hizo ni Mtumishi wa Mungu, naye katika Isaya anaitwa Israeli waziwazi katika 41:8 na 49:3, na Rashi, mfafanuzi wa Kiyahudi aliyefariki mwaka 1105, aliisoma sura ya 53 kama habari ya taifa linaloteswa katikati ya mataifa. Mstari wa 5 wenyewe unataja makosa na maovu, si homa. Hata Petro anaposema "kwa kupigwa kwake mliponywa" (1 Petro 2:24), anazungumzia dhambi.

Ila lawama hiyo inamkosea Mathayo, maana imejengwa juu ya tafsiri. Neno lililotiwa "masikitiko" kwa Kiebrania ni holi, na holi ni ugonjwa. Ndilo linalotumika katika Isaya 38:9 kwa maradhi ya mfalme Hezekia, yule aliyewekewa mkate wa tini juu ya jipu. Hakuna aliyewahi kudai kwamba Hezekia alikuwa na huzuni tu. Neno la pili, makhov, ni maumivu, yawe ya mwili au ya moyo. Walioukwepa mwili ni wafasiri wa Septuaginta, tafsiri ya Kigiriki iliyotangulia Ukristo. Wao waliandika "dhambi zetu."

Hapo ndipo ninaposhindwa kuwaelewa walaumu. Mathayo aliandika kwa Kigiriki, na Kigiriki kilichokuwapo kilisema dhambi. Kwa mhubiri wa msalaba, neno hilo lilikuwa limeiva, ni la kuchuma tu. Hakulichuma. Alishika maana ya Kiebrania, iliyo ngumu zaidi kuihubiri. Wala hakuwa peke yake kuusikia ugonjwa humo: katika Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, Sanhedrin 98b, marabi wanajadili jina la Masihi, na baadhi yao wanamwita mwenye ukoma. Ushahidi wao? Isaya 53:4. Hao hawakuwa na Yesu wa kumtetea.

Katika kuiunganisha miujiza ya Yesu na Isaya, Marko ni mjanja zaidi. Kiziwi wa 7:32 anaitwa kwa Kigiriki mogilalos, mwenye utasi. Neno hilo halipo penginepo katika Agano Jipya, lakini limo katika Septuaginta, Isaya 35:6, panapoahidiwa kwamba kilema atarukaruka kama kulungu na ulimi wa bubu utaimba. Marko hatangazi kwamba unabii umetimia. Anadondosha neno moja na kuendelea na safari, mwenye kusikia asikie.

Jambo la tatu ni fundisho lililoshika kasi mwishoni mwa karne ya 19 kupitia wahubiri kama A. B. Simpson: kwamba uponyaji wa mwili umo ndani ya upatanisho wa msalaba, hivyo mwamini anaweza kuudai. Wanaofundisha hivyo wana haki ya kusimama juu ya holi. Tatizo ni saa. Mathayo anaunukuu mstari huo jioni moja Kapernaumu, mkwewe Petro akiwa ametoka tu kupona homa, na msalaba ungali mbele. Anaeleza Yesu alikuwa akifanya nini jioni ile; hasemi kila mgonjwa atapona lini. Paulo, aliyewaponya wengi, alimwacha Trofimo mgonjwa huko Mileto (2 Timotheo 4:20), na katika sentensi hiyo fupi hamna neno hata moja juu ya upungufu wa imani ya Trofimo.