Nauli za treni Uingereza zinapandaje kisheria, na nani anaumia

Novemba 2025 waziri wa fedha wa Uingereza, Rachel Reeves, alitangaza kwamba nauli za treni zinazodhibitiwa na serikali kule England, moja ya nchi zinazounda Uingereza, hazitapanda mpaka Machi 2027. Watu wakashangilia, na walikuwa na haki, maana ndo mara ya kwanza ndani ya miaka 30 nauli hizo kuachwa zilivyo. Kwa fomula iliyokuwa inatumika zingepanda kama asilimia 5.8. Na mimi nimefurahi kwa ajili ya hao abiria, ila naona mjadala wote umeishia kwenye zimepanda au hazijapanda, wakati swali zito limeachwa pembeni: nani anaamua zipande kiasi gani, anatumia kipimo gani, na ilikuwaje kipimo hicho kikamkamua abiria mwaka hadi mwaka bila sheria yoyote kuvunjwa.

Tuanze na utaratibu wenyewe maana ukiuelewa huo mengine yote yanajieleza. Reli ya Uingereza ilibinafsishwa kwa sheria ya mwaka 1993, shirika la umma la British Rail likagawanywa vipande vipande, na serikali ya wakati ule ilijua kabisa kwamba ukimpa mfanyabiashara njia ambayo mtu hana namna ya kuikwepa kwenda kazini, nauli itapanda mpaka watu walie. Kwa hiyo wakaweka kikomo kwa baadhi ya tiketi, hasa pasi za wiki, mwezi na mwaka za wanaoenda kazini, tiketi za kwenda na kurudi za safari ndefu kwa saa zisizo na msongamano, na tiketi za kawaida za kuzunguka miji mikubwa. Hizo zote kwa pamoja ni kama asilimia 45 ya nauli. Zilizobaki, yaani daraja la kwanza, tiketi za kununua mapema, na zile za safari ndefu za kupanda treni yoyote saa yoyote, kampuni inajipangia yenyewe.

Kikomo kinafungwa kwenye kipimo cha mfumuko wa bei kinachoitwa RPI, na inachukuliwa namba ya mwezi Julai kuamua nauli ya mwaka unaofuata. Mwanzoni kabisa nauli ilikuwa hairuhusiwi kuzidi RPI, kuanzia 1999 hadi 2003 ikawa RPI kutoa asilimia 1, yaani abiria alikuwa anapata nafuu kidogo kila mwaka. Mwaka 2004 wakageuza, ikawa RPI kujumlisha 1, na ikaendelea hivyo mpaka 2013, kisha hiyo 1 ikaondolewa na baadaye ikarudishwa. Ukisikia asilimia 1 unaona ni kitu kidogo, lakini fanya hesabu, nyongeza 10 za namna hiyo mfululizo zinaiacha nauli zaidi ya asilimia 10 juu ya mfumuko wenyewe, na huo mfumuko tayari umeshalipwa. Kuna kipindi serikali ilipanga hata RPI kujumlisha 3, ikarudi nyuma baada ya kelele. Juu ya hapo, hicho kikomo kilikuwa cha wastani tu, kampuni iliruhusiwa kupandisha tiketi moja zaidi ya kikomo mradi nyingine ishuke ili wastani utulie, kwa hiyo abiria wa njia moja angeweza kugongwa vibaya huku kwenye karatasi kila kitu kiko sawa. Ruhusa hiyo ilipunguzwa 2014 na kufutwa 2015.

Wengi pia wanadhani kuna mdhibiti huru anayekaa kupiga hizi hesabu. Hamna. Ile ofisi ya udhibiti wa reli, ORR, inashughulika na usalama na haki za abiria, lakini kikomo cha nauli kinatoka kwa waziri wa uchukuzi, na nyuma yake yupo wa fedha. Yaani ni uamuzi wa kisiasa. Uzuri wake ni kwamba waziri anaweza kusikia kilio cha watu, kama ilivyotokea Julai 2022 RPI ilipofika asilimia 12.3 wakaamua nauli ya 2023 ipande 5.9, na mwaka uliofuata RPI ilikuwa 9 wakaishia 4.9. Ubaya wake, abiria hawezi kujua mwaka kesho atasamehewa au atafungiwa kamba shingoni, na mtu anayepanga ahamie mji gani au akubali kazi ya wapi anahitaji kujua.

Sasa tuongee kuhusu hiyo RPI kwasababu kwangu ndo kiini cha dhuluma. Mwaka 2013 RPI ilinyang'anywa hadhi ya takwimu rasmi ya taifa kwasababu namna inavyokokotolewa ina kasoro na kawaida inatoa namba kubwa kuliko CPI, kipimo kingine cha mfumuko wa bei ambacho ndo kinachoaminika zaidi. Serikali yenyewe inapopandisha posho za watu wasio na kipato inatumia CPI, lakini ilipofika kwenye nauli za treni ikaendelea kung'ang'ania RPI. Angalia mwaka 2025, nauli zilipanda asilimia 4.6, yaani RPI ya Julai 2024 iliyokuwa 3.6 kujumlisha 1, wakati CPI ya mwezi huo huo ilikuwa 2.2. Mara mbili na zaidi! Serikali ikitoa inapima kwa kidogo, ikipokea inapima kwa kikubwa, na hili silioni likitetewa na mtu yeyote mwenye nia njema, hata yule anayeamini abiria alipe zaidi, maana kama unataka alipe zaidi basi sema wazi unaongeza kiasi gani juu ya mfumuko halisi, usifiche ndani ya kipimo kibovu.

Lakini hoja ya upande wa pili ni nzito na inabidi iheshimiwe. Treni haiendeshwi kwa sala. Kuna mishahara ya madereva na mafundi, umeme, matengenezo ya njia, mabehewa, na hizo gharama zinapanda kila mwaka. Nauli ikibaki chini, lile pengo halipotei, linahamia kwa mlipa kodi, na mlipa kodi huyo anaweza kuwa mtu anayeishi kijijini ambako hakuna hata stesheni, anapanda basi au anaendesha gari lake chakavu. Kule England wenye kipato cha juu wanasafiri kwa treni zaidi kuliko wenye kipato cha chini, kwa hiyo ukisema ruzuku ya treni ni ya kumsaidia maskini, sehemu kubwa ya hiyo hela inaishia kwa mtu mwenye kazi nzuri London. Sera ya RPI kujumlisha 1 ilitokana na fikra hii hasa, kwamba anayetumia abebe sehemu kubwa zaidi na hazina ipumue. Halafu kuna hoja ya msongamano, kwamba nauli ikishuka sana asubuhi na treni zimeshajaa, watu watabanana zaidi na huduma itakuwa mbaya kwa wote, na hela ya kuongeza mabehewa haitakuwepo.

Nazikubali hizo hoja mpaka sehemu fulani. Panapokwama ni pale wanapomchukulia abiria kama mtu aliye huru kuchagua. Anayepanda treni asubuhi kwenda kazini hajachagua kama anayechagua nguo, alishanunua au kupanga nyumba, watoto wapo shule, kazi ipo mji mwingine. Nauli ikipanda mwaka huu atalipa tu, na watunga sera wakiona bado analipa wanasema kumbe anaweza. Athari yake inachelewa, inakuja baada ya miaka miwili mitatu, mtu anahama, anabadilisha kazi akubali mshahara mdogo karibu na nyumbani, au ananunua gari, na akishanunua gari humrudishi tena kwa kumpunguzia pauni chache. Na hapo kuna jambo jingine linaloudhi kweli, kodi ya mafuta ya magari Uingereza haijapandishwa tangu 2011, tena 2022 ilipunguzwa peni 5 kwa lita, wakati nauli za treni zinazodhibitiwa kati ya 2021 na 2025 pekee zimepanda 2.6, 3.8, 5.9, 4.9 na 4.6, ukizizidisha kwa pamoja unapata karibu asilimia 24. Kama hoja ni kwamba anayetumia alipe, mbona haimgusi mwenye gari?

Na wanaoumia hawaumii sawa. Mtu mwenye hela ya kulipia pasi ya mwaka mzima kwa mkupuo anapata bei nafuu kwa kila safari, asiye nayo ananunua ya mwezi au ya wiki na kwa jumla analipa zaidi. Anayefanya kazi siku tatu kwa wiki, wengi wao kina mama wanaolea, pasi ya kawaida haimfai, na mpaka Juni 2021 hakukuwa na pasi ya kitaifa kwa ajili ya watu kama hao, ilipokuja ikawa ya siku 8 ndani ya siku 28 na kuna njia ambazo unafuu wake ni mdogo mno. Kijana mwenye kadi ya punguzo anapata theluthi moja, lakini lazima aijue, ainunue, na aelewe masharti yake ya saa za asubuhi. Mfumo ambao unafuu wake unampata anayeujua vizuri unamwacha nje yule aliyeuhitaji zaidi.

Halafu kuna ile asilimia 55 isiyo na kikomo. Tiketi ya kwenda na kurudi kati ya Manchester na London, daraja la kawaida, ya kupanda treni yoyote, imeshapita pauni 350. Hiyo haivunji kanuni yoyote kwasababu haimo kwenye kanuni. Na hata zile zilizomo zinaweza kuondolewa, mwaka 2024 kampuni ya treni ya LNER ilianza majaribio kati ya London na miji kama Newcastle na Edinburgh, ikaondoa tiketi ya kawaida ya saa zisizo na msongamano na kuweka tiketi ambayo inakupa nafasi ya kubadilisha treni ndani ya dakika 70 tu, na bei yake inapanda na kushuka kufuatana na mahitaji. LNER tayari ilikuwa mikononi mwa serikali wakati huo. Kwa hiyo wanaosema reli ikirudi kwa umma tatizo la nauli litaisha wajiulize vizuri, maana kikomo kinalinda tiketi iliyopo, tiketi ikifutwa hakina cha kulinda.

Nchi nyingine zina mafunzo ila sio mepesi. Hong Kong tangu 2007 wana fomula inayochanganya mabadiliko ya bei na mabadiliko ya mishahara, nusu kwa nusu, kisha wanatoa kiasi fulani ili abiria apate nafuu. Na treni zikikwama kwa muda mrefu kampuni inatozwa faini ambayo inarudi kwa abiria kama punguzo. Hiyo ya faini naipenda sana, ingawa watu wa kule nao wanalalamika kwamba kampuni inatengeneza faida kubwa kwenye majengo na bado fomula inaruhusu nauli kupanda. Ujerumani walienda njia ya ruzuku, tiketi moja ya mwezi kwa treni za kawaida na mabasi nchi nzima, ilianza euro 49 Mei 2023, ikawa 58 mwaka 2025, na 63 kuanzia Januari 2026, yaani hata pale penye nia njema hazina ikibanwa bei inapanda haraka kuliko mishahara. Na Chile, Oktoba 2019, jopo la wataalamu lilifuata fomula yake ya kisheria na kupandisha nauli ya treni za chini ya ardhi za Santiago kwa peso 30 saa za msongamano, kutoka 800 hadi 830. Maandamano yaliyoanza na wanafunzi kuruka mageti yaligeuka kuwa machafuko ya nchi nzima, na ndani ya wiki mbili rais Sebastián Piñera akasitisha hiyo nyongeza. Hesabu za wataalamu zilikuwa sahihi kwa mujibu wa fomula, lakini fomula haikuuliza mtu wa kawaida amebakiwa na kiasi gani baada ya kulipa kodi ya nyumba.

Kwahiyo kugandisha nauli mwaka mmoja ni jambo jema, na kwa mtu mwenye pasi ya bei kubwa ni hela ya maana mfukoni. Scotland wao walifuta kabisa nauli za juu za asubuhi na jioni kuanzia Septemba 2025, na hiyo naiona ni bora zaidi kwasababu imebadilisha kanuni yenyewe na inamlenga hasa mtu asiyeweza kuchagua saa ya kusafiri. England kanuni haijabadilika. Ikifika Machi 2027 waziri anaweza kurudi kwenye RPI, na RPI yenyewe itarekebishwa Februari 2030 tu, kwa hiyo kuna karibu miaka mitatu ambayo kipimo kibovu bado kiko mezani.

Ningekuwa na sauti kwenye hilo shirika jipya la umma wanaloliunda, Great British Railways, ningedai kikomo kiandikwe kwenye sheria, kisizidi CPI au ongezeko la mishahara, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili, na kwamba hakuna tiketi iliyo ndani ya kikomo inayoweza kufutwa bila mbadala wa bei hiyo hiyo. Hazina itasema hela haipo. Basi waanze na ile kodi ya mafuta iliyolala tangu 2011, halafu tuongee.