Pini nne zangu, pini nne zao

Jamani, hizi kampuni zinazounda redio za upepo, hizi za madereva kuongea lori kwa lori, zina nini? Maiki ya lori ilikatika waya Mingoyo, nina korosho mgongoni. Mtwara mjini nikapata nyingine, pini nne kwa nne, ikaingia utadhani wamezaliwa pamoja. Nabonyeza kitufe, bubu! Hairushi wala haipokei. Kumbe kampuni hii sauti inaipitisha pini ya 1, ile nyingine pini ya 2, na kwenye redio nyingi za zamani hata spika inategemea waya wa maiki. Fundi kafumua, kahamisha nyaya, kalehemu upya, elfu kumi yangu hiyo. Sasa chaneli 40 zote hewani, ila wakati redio bubu mwenzangu wa lori la nyuma kaniita mpaka kachoka. Kanikuta Masasi kanuna: "Siku hizi unaringa, mzee?"