Gemu la GameCube na ukuta wa Martinsville

Mabishano kuhusu magemu ya mbio za magari hayamaliziki bila mtu kulitaja jina la Ross Chastain, dereva wa NASCAR, mbio kubwa za magari za Marekani, na mara nyingi hutajwa kama ushahidi wa mashtaka: oneni, gemu limemharibu mtu mzima na leseni yake. Nadhani ushahidi huo unasomwa kichwa chini miguu juu.

Wanaofuatilia NASCAR wanayajua yaliyotokea Martinsville, Virginia, tarehe 30 Oktoba 2022, kwa hiyo nitayapitia mbio mbio. Ulikuwa mzunguko wa mwisho kati ya 500. Chastain alikuwa wa 10, na ili ampiku dereva mwenzake Denny Hamlin kwa pointi na kuingia fainali ya msimu kule Phoenix alihitaji kupanda nafasi mbili. Kwa uendeshaji wa kawaida, hesabu zilikuwa zimekataa. Akatia gia ya tano, akakanyaga mafuta hadi sakafuni, akaliegemeza gari kwenye ukuta wa nje na kuuachia usukani. Gari likasuguana na ukuta kona ya tatu na ya nne bila kupunguza mwendo, likayapita mengine matano. Alipoulizwa akili hiyo aliitoa wapi, alijibu kwamba walipokuwa wakikua, yeye na mdogo wake Chad walikuwa wakicheza gemu la NASCAR 2005 kwenye GameCube, mashine ya magemu ya Nintendo, na mle mbinu hiyo ilikuwa ikikubali.

Wanaolaani wana hoja, tena si ndogo. Dereva mwenzake Kyle Larson alisema kitendo kile ni aibu kwa mchezo, na hakujitoa lawamani: yeye mwenyewe alijaribu kitu kama hicho kwenye uwanja wa Darlington mwaka 2021 akimfukuza Hamlin, akakosa ushindi, na baadaye akasema anaona haya kwamba huenda ndiye aliyewapa wengine wazo. Dereva mwingine, Joey Logano, naye alikuwa na wasiwasi. Ukitaka kuuelewa wasiwasi huo, kumbuka ulikuwa mwaka gani. Gari jipya la Next Gen lilikuwa katika msimu wake wa kwanza, na madereva walikuwa wakilalamika kwamba ni gumu mno linapogonga. Dereva Kurt Busch aligonga ukuta kwenye uwanja wa Pocono mwezi Julai, akaumia ubongo, na safari yake ya kukimbia msimu mzima ikaishia hapo. Mwenzao Alex Bowman alikosa mbio kadhaa kwa sababu kama hiyo. Sasa fikiria mzunguko wa mwisho ambao madereva 10 wote wameamua kuupanda ukuta kwa pamoja, nyuma ya ukuta huo kuna watu waliokata tiketi, na kwenye ukuta wenyewe kuna geti la kuingilia uwanjani. Chastain mwenyewe alikiri kwamba geti hilo ndilo alilokuwa akiomba asilinase.

Kwa hiyo NASCAR ilipotangaza Januari 2023 kwamba atakayerudia ataongezewa muda mwishoni mwa mbio, sikuona cha kubisha. Hawakuandika hata sheria mpya. Walisema kanuni iliyopo ya usalama inatosha, na kwamba ingetumika siku ile, Chastain asingekwenda Phoenix. Sawa.

Ninapoachana na walaani hao ni wanapotoka kwenye sheria na kuliingilia gemu: kwamba ni mchezo wa kitoto usio na uhusiano na barabara, unaomfundisha mtu upuuzi. Hapo wanakutana na tarakimu moja ambayo hawapendi kuizungumzia, 18.845.

Hizo ndizo sekunde alizotumia Chastain kwenye mzunguko ule. Martinsville ni uwanja mfupi, karibu mita 850, umbo la pini ya karatasi, na kona zake zinakulazimisha ukanyage breki mpaka diski zake ziwake nyekundu. Rekodi ya kufuzu, ile inayowekwa dereva akiwa peke yake, matairi mapya, hakuna wa kumzuia, ilikuwa ya Logano mwaka 2014: sekunde 18.898. Chastain aliipita. Aliipita akiwa na injini yenye nguvu za farasi 670, wakati magari ya 2014 yalikuwa na zaidi ya 800. Aliipita baada ya karibu mizunguko 500, huku mbele yake kumejaa magari. Na jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba nusu ya kwanza ya mzunguko huo aliendesha kama kila mtu. Breki kona ya kwanza, breki ya pili, foleni kama kawaida. Ukuta aliutumia kwenye kona mbili tu, na kona mbili zilitosha kufidia kila kitu na kubakiza chenji.

Kwa nini? Kwa sababu kwenye kona, kinacholizuia gari lisitoke nje ni mshiko wa matairi, na mshiko una kikomo. Ukizidisha mwendo, tairi linateleza, ndiyo maana kila dereva hupunguza. Lakini ukuta ukichukua kazi ya kuligeuza gari, matairi hayaulizwi tena. Kinachobaki ni msuguano wa bodi na zege, ambao unakula mwendo, ila si sana kama breki zinavyoula. Hii ni fizikia ya sekondari. Watoto waliokuwa wakilicheza lile gemu la EA Sports waliijua kwa vidole, bila kuandikiwa fomula. Wahandisi wenye shahada hawakuiona, au waliiona wakaona haya kuisema.

Mtu atasema gemu lile lilikosea, ukuta wake ulikuwa laini kupita kiasi. Kweli, lilikosea. Gari la zamani lenye bodi ya mabati huenda lingejikunja, bati likakata tairi, na Chastain angeishia kwenye gari la wagonjwa. Gari la 2022 lina bodi ya plastiki ngumu inayorudi umbo lake, na likaja kufanana na gemu lililotoka 2004. Mtengeneza gemu hakubashiri hilo. Ila kuna mtu alikuwa amebeba swali kichwani kwa miaka 17 hivi, na siku jibu lilipobadilika, ni yeye aliyekuwa na swali.

Tena neno "gemu" linachanganya vitu ambavyo haviko daraja moja. Kuna gemu la sebuleni, ukigonga unacheka na kuanza upya. Halafu kuna simuleta, programu ya kompyuta inayoiga uendeshaji halisi, kama iRacing, iliyofunguliwa 2008, ambayo viwanja vyake vimepimwa kwa leza hadi nyufa za lami. Humo ukigusa ukuta unaandikiwa kosa. Makosa yakizidi, alama zako za usalama zinaporomoka, leseni inashushwa daraja, na unarudi kukimbia na wanaojifunza, ambao watakugonga kila kona mpaka ujute. Ukitaka kumlea dereva mzembe, hapo si mahali pake. Anayesema magemu yanafundisha uzembe hajawahi kukaa saa nzima akilinda alama zake huku kijana wa miaka 14 amemng'ang'ania bampa.

Na humo ndimo alimotoka dereva wa NASCAR William Byron. Alianza na kompyuta ya nyumbani, akaingia kwenye gari halisi akiwa na miaka 15, umri ambao wenzake tayari walikuwa na kabati la vikombe vya gokati, vile vigari vidogo vya mbio. Ameshinda Daytona 500, mbio kubwa kuliko zote za NASCAR, mwaka 2024, akarudia 2025. Rajah Caruth, kijana mweusi wa Washington, naye alianzia kwenye mbio za kompyuta, na Machi 2024 alishinda mbio za NASCAR za magari aina ya pickup kule Las Vegas. Kabla yake, Wamarekani weusi waliowahi kushinda kwenye ngazi tatu za kitaifa za NASCAR walikuwa wawili: Wendell Scott na Bubba Wallace. Tangu ushindi wa Scott mwaka 1963 hadi huu wa Caruth ni miaka zaidi ya 60. Mchezo huu umekuwa wa watoto ambao baba zao wana gereji, trela na pesa za kuchoma matairi kila wikiendi. Kompyuta na usukani wa kuchezea si bei rahisi, sikatai, lakini mbele ya gharama za gokati ni nauli ya daladala.

Wanaopinga husema wawili hawa ni wachache, na kwamba simuleta haikupi mvuto unaobana shingo wala hofu ya kuungua. Kweli tupu. Ila hata madereva wenye majina leo wanajifunza kwenye simuleta, kwa sababu muda wa mazoezi uwanjani umepunguzwa sana tangu 2020. Timu na watengenezaji wa magari wana simuleta zao. NASCAR yenyewe imeiachia iRacing kazi ya kutengeneza gemu lake rasmi, NASCAR 25. Sasa chama kinachoegemea gemu kiasi hicho, wanaokipenda watalitukanaje gemu pale tu linapofichua tundu kwenye kanuni?

Maana Martinsville ilikuwa hivyo: tundu kwenye kanuni, lililokuwa wazi kwa kila mtoto mwenye kontrola, na halikuzibwa mpaka mtu alipolipita kwa gari la tani moja na nusu. Mimi ningewashauri wakubwa wa NASCAR kule makao makuu Daytona kwamba kabla ya kila msimu wawakusanye vijana 20 wa simuleta, wawape gari jipya na kitabu cha kanuni, na kuwaambia washinde kwa njia yoyote ambayo kitabu hakijaikataza. Wiki moja ingetosha, na posho yao isingefika bei ya bodi moja.