Kupigwa shoti kazini: fidia ipo, ila karatasi inasemaje?

Masika ya mwaka juzi kijana wa jirani yetu alipigwa shoti kwenye karakana ya mageti anakofanya kazi. Chini udongo umelowa, yeye kavaa kandambili, kashika grenda ambayo waya wake ulishachubuka zamani ukazungushiwa tepu nyeusi. Mkono ukang'ang'ania. Watu wanashangaaga kwanini mtu asiachie tu, lakini umeme ukishapita kwenye misuli vidole vinajikunja vyenyewe, utake usitake, mpaka mwenzake alipokimbia kuzima meni swichi ndo akaanguka. Hospitali bosi akawahi kusema kijana "kadondoka", na ndivyo ilivyoandikwa. Yuko hai, ila vidole 2 vya mkono wa kulia havikunji tena, na grenda ndo ilikuwa ugali wake.

Mtaani wakagawanyika. Wengine wanasema bosi alipe, waya ule kila mtu alikuwa anauona. Wengine, na hasa wenye karakana wenzake, wanasema kijana alipewa glavu na buti akavua kisa joto, halafu ni kibarua tu, hana mkataba, fidia ya nini?

Mimi nimekaa na hao wenye karakana na kiukweli wana hoja. Kazi ni za kubahatisha, wiki hii mageti 3 wiki ijayo hamna, kodi ya fremu inasubiri, na kila taasisi ikija inataka chake. Na vijana kuvua glavu ni kweli wanavua, nimeona kwa macho yangu.

Ila hoja ya uzembe haina uzito wanaoupa. Huku Tanzania Bara tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, umetokana na sheria ya 2008 na ulianza kazi 2015, na msingi wake ni kwamba haukuulizi kwanza nani mzembe, unauliza kama umeumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Mchango anatoa mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Kwa sekta binafsi sasa hivi ni asilimia 0.5 ya mshahara, yaani mtu wa laki 3 kwa mwezi ni shilingi 1,500. Akiumia akashindwa kufanya kazi kwa muda, analipwa asilimia 70 ya mshahara wake, hadi miezi 24. Na hilo la "hana mkataba" nalo linapotosha watu, kukosa mkataba wa karatasi peke yake hakumfanyi mtu asiwe mfanyakazi kisheria, ugumu unakuja kwenye kuthibitisha.

Kuna lawama moja kwa huu mfumo naikubali. Mwenye ofisi ya wahasibu na mwenye karakana ya kuchomelea wote wanachangia asilimia ile ile, kwahiyo aliyeacha waya wazi haumii mfukoni kuliko aliyenunua mpya. Kuna wanaotaka kazi za hatari zichangie zaidi. Naelewa, ila naogopa karakana ndogo ambazo hata sasa hazijajisajili zitazidi kujificha na vijana wao ndo watabaki bila kitu kabisa. Bora OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, waingie uchochoroni kwenye karakana kama wanavyoingia viwandani, ndo kazi waliyopewa.

Maana kinga yenyewe si ghali. Wengi wanaamini saketi breka inawalinda, sio kweli, breka ya ampea 32 imewekwa kulinda waya usiungue. Mwili wa mtu uko hatarini hata kwa miliampea 30 (ampea moja ni miliampea 1,000) zikipita kifuani, na breka hiyo inaruhusu zaidi ya mara 1,000 ya hapo bila kukata. Taa tu ya zamani ya wati 60 inavuta kama miliampea 260. Kinachomlinda mtu ni kile kifaa mafundi wanakiita RCD, kinashtuka umeme ukianza kuvujia ardhini na kinakata kabla hata sekunde moja haijaisha. Bei yake haifiki nusu ya mshahara wa yule kijana kwa mwezi. Kwahiyo bosi akiniambia hana hela ya usalama, naomba anioneshe kwanza kama kaweka hicho.

Sasa ubaya wa shoti kuliko ajali nyingine ni kwamba mara nyingi haiachi alama. Mkono ukikatwa na msumeno kila mtu anaona, lakini umeme wa nyumbani wa volti 230 ukimpita mtu ngozi yake ikiwa imelowa unaweza kumuua bila hata kumuunguza, ndugu wakaambiwa ni presha au moyo. Ndo maana neno la kwanza linaloandikwa hospitali, na kwenye PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, lina uzito kuliko kelele zote zitakazopigwa baadaye. Mwajiri anatakiwa aripoti ajali WCF ndani ya siku 7 akishajua, na madai yana kikomo cha miezi 12.

Familia ya kijana walikuja kuujua huo mfuko miezi 5 baada ya ajali. Muda walikuwa nao bado. Wakamtafuta yule mwenzake aliyezima swichi aandike alichokiona, naye bado anafanya kazi pale pale kwa bosi yule yule.